Maua ya Plastiki Mezani, Ngitili Mlangoni

Ndugu walimu na watumishi wa umma, hebu tuitazame meza ya mgeni rasmi katika sherehe zetu za Shinyanga na Geita. Mara ngapi tumeipamba kwa maua ya plastiki, yasiyo na harufu, yaliyojaa vumbi, tena yaliyotoka ng'ambo? Hiyo ni kasumba.

Wajapani wanayo sanaa ya kupanga maua, ikebana, iliyokomaa Kyoto tangu karne ya 15. Fundi wake husimama mbele ya hadhara akapanga matawi machache tu: moja ni mbingu, la pili mwanadamu, la tatu ardhi. Hata tawi kavu hupewa heshima. Watazamaji huondoka wakiithamini nchi yao.

Wako watakaosema kwamba hiyo ni anasa ya walioshiba. La hasha! Misitu ya Shinyanga ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupanua mashamba ya pamba, hata ardhi ikabaki uchi. Mradi wa HASHI, kati ya 1986 na 2004, uliirudisha miti kwa kufufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho. Desturi hiyo haikuletwa na meli.

Basi siku ya wazazi, mwanafunzi asimame hadharani apange matawi yaliyopogolewa katika ngitili, na kila mti autaje kwa jina lake. Asiyeujua mti kwa jina hataulinda. Tuanze kwa kuyatupa maua ya plastiki.