Chai ya Artemisia Si Dozi ya Malaria



Huenda umeshaletewa mche wa artemisia na rafiki, ukaambiwa uupande nyuma ya jiko, kwa kuwa majani yake yanaponya malaria na ni dawa ya Kichina ya tangu kale. Maneno hayo yana ukweli ndani yake, na ndiyo maana yafaa tuyazungumze kwa makini. Ukweli nusu katika mambo ya dawa waweza kumwua mtoto.

Hali yenyewe twaijua sote. Mtoto ameshuka Mombo au Korogwe kwa bibi yake wakati wa likizo. Amerudi Lushoto, na baada ya wiki moja au mbili anaanza kutetemeka na kuungua homa. Zahanati iko mbali, mvua inanyesha, na pesa ni za shida. Pale nyuma ya jiko mche umestawi. Mama afanye nini?

Kwanza tuitendee haki dawa hiyo. Yapata miaka 1,700 iliyopita tabibu mmoja wa China, Ge Hong, aliandika kitabu cha dawa za dharura. Kwa homa za vipindi alielekeza kwamba mtu achukue konzi ya mmea uitwao qinghao, auloweke katika vipimo viwili vya maji, aukamue, kisha anywe maji yake yote. Karne nyingi baadaye, mwaka 1967, serikali ya China iliwakusanya wataalamu wake watafute dawa mpya ya malaria. Mama mmoja mtafiti, Tu Youyou, pamoja na wenzake walipekua maelekezo ya kale yapatayo 2,000. Qinghao waliijaribu, lakini matokeo yakawa hayaaminiki: leo inafanya kazi, kesho haifanyi.

Ndipo Tu Youyou alipoyarudia maneno ya Ge Hong, akatambua jambo moja: mzee yule hakusema mmea uchemshwe. Aliuloweka na kuukamua. Basi mama huyo akawaza kwamba pengine moto ndio unaoiharibu dawa. Akatumia etha, kimiminika kinachochemka kwa nyuzi 35 tu, na mwaka 1971 akafanikiwa. Kabla ya kuwapa wagonjwa, yeye na wenzake waliinywa wenyewe ili kuhakikisha usalama wake. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel. Dawa hiyo, artemisinini, ndiyo chanzo cha mojawapo ya dawa zilizo ndani ya dawa mseto tunayopewa zahanati, na sindano ya artesunate wanayochomwa wagonjwa mahututi hutokana na mmea huohuo.

Kwa hiyo anayekwenda zahanati haidharau dawa ya mitishamba ya Wachina. Anaikuta huko, imepimwa.

Sasa tuiangalie chai. Sisi twaichemsha, au twamwaga maji ya moto juu ya majani. Tena artemisinini haiyeyuki vizuri katika maji. Kiasi kilichomo katika majani hutofautiana sana kwa mbegu, udongo, wakati wa kuvuna na namna ya kukausha. Kikombe cha leo si kikombe cha kesho, na mama hana mizani ya kumwonyesha. Wengine huchanganya mmea huu na pakanga yetu ya asili. Zina undugu, lakini pakanga haina artemisinini ya kutosha kutibu malaria.

Kuna jambo kubwa zaidi. Artemisinini huua vijidudu vingi kwa haraka, kisha hutoka mwilini baada ya saa chache. Ndiyo maana katika dawa mseto imeunganishwa na lumefantrini, ambayo hukaa mwilini siku kadhaa na kuwamaliza waliobaki. Anayekunywa chai peke yake aweza kuona homa imeshuka, akashukuru na kurudi shambani, kumbe vijidudu vimebaki na vinazaliana upya. Kwa sababu hizo Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2019 kwamba haliungi mkono matumizi ya majani au chai ya artemisia kwa kutibu wala kukinga malaria.

Kuna watakaosema hayo ni maneno ya wenye viwanda, wanaotaka maskini waendelee kununua. Hoja hiyo hatuipuuzi. Umaskini upo, na kuna siku mtu hufika zahanati akaambiwa dawa zimekwisha. Lakini tuikumbuke historia yetu wenyewe. Kule Amani, katika Usambara Mashariki, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902 na kupanda minkwinini. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza magome yake yalitumika kutengeneza kwinini kwa ajili ya askari wao. Gome hilo lilitoka Amerika ya Kusini, na Ulaya liliitwa gome la Wajesuiti, kwa kuwa mapadre hao walisaidia kulieneza. Nalo pia lilikuwa na nguvu leo na kesho halina, mpaka mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipoitenga kwinini yenyewe na kipimo kikawezekana. Yaani tangu gome mpaka jani, kilichookoa watu wengi ni kipimo.

Tena tumeshaonja uchungu wa usugu. Klorokwini, ile iliyotuwasha mwili mzima, iliachwa mwaka 2001 kwa kuwa vijidudu vilikuwa vimeizoea. SP iliyoshika nafasi yake haikudumu. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto. Sasa utafiti uliofanyika Karagwe, mkoani Kagera, mwaka 2022 umeonyesha vijidudu vilivyoanza kuistahimili artemisinini. Dozi hafifu, iwe ya chai au ya vidonge vilivyokatizwa, huvifundisha vijidudu kuishi na dawa. Tukiipoteza na hii, tutawapa nini wajukuu?

Sisi wa milimani tuna sababu moja zaidi ya kujihadhari. Kwa kuwa huku juu mbu wa malaria ni wachache kuliko bondeni, miili yetu haikupata kinga kama ya ndugu zetu wa Muheza. Malaria ikimpata mtu wa mlimani, hata mtu mzima, yaweza kumwangusha upesi.

Basi tunashauri hivi:

1. Homa yoyote ipimwe, hasa kwa aliyetoka bondeni. Si kila homa ni malaria. Yaweza kuwa nimonia au homa ya matumbo.

2. Dawa mseto inywewe asubuhi na jioni kwa siku 3, mara 6 zote, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa. Siku ya kwanza, dozi ya pili hufuata baada ya saa 8. Idadi ya vidonge hutegemea uzito.

3. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea, akihema kwa shida, au viganja vyake vikiwa vyeupe, asisubiri kesho. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo.

4. Mjamzito asijitibu nyumbani kwa jani wala kwa kidonge. Aende kliniki.

5. Jumuiya ndogondogo ziwe na mfuko wa nauli kwa wagonjwa, na wajumbe wetu katika kamati za zahanati waulize mapema dawa zinapopungua.

Na waganga wetu wa mitishamba? Tuwaheshimu, na tuwaombe wawe wa kwanza kusema: mtoto huyu akapimwe. Yoshua bin Sira, sura ya 38, anatufundisha kwamba Mungu ameotesha dawa katika ardhi. Na sura hiyohiyo inatuagiza tumheshimu tabibu. Tusichukue nusu tu ya fundisho. Mche wako ukipenda uache ukue. Lakini mtoto akiungua homa, mbebe mgongoni, ushike njia ya zahanati.