Aliyeuandika keshaondoka, nani ataukarabati?

Mpenzi msomaji, umewahi kukabidhiwa daftari la hesabu za chama, ukakuta aliyeliandika alihama zamani na kila ukurasa una alama ambazo yeye pekee ndiye aliyezijua? Kama yamekukuta, basi utamwelewa mpwa wangu wa Kona Baridi.

Kona Baridi, kwa usiyepajua, ni pale juu katika kaunti ya Kajiado, ukishapita Kiserian kwenye barabara ya Magadi, kabla hujaanza kuteremka kwenye joto la Bonde la Ufa. Jina lenyewe halikutolewa bure. Nilipofika huko majuzi, saa tano za usiku, nilimkuta kijana amejifunika shuka la Kimaasai, macho kwenye kompyuta.

"Hebu mwambie huyu mpwa wako," dada yangu mkubwa akanilalamikia. "Anacheza michezo usiku kucha na halipwi hata ndururu!"

Kumbe hachezi. Anakarabati.

Mchezo wenyewe ni wa maandishi matupu, hauna picha. Unaandika unakotaka kwenda, nao unakujibu umefika wapi na umekutana na nani. Wachezaji wenzako wamo humo humo, kila mtu katika nchi yake. Kwa kuwa ni maneno tu, hauli bando.

Michezo ya aina hii ina asili yake. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw na Richard Bartle waliunda mchezo walioupa jina la MUD. Mwaka 1991 wanafunzi watano wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, Denmark, walitoa wa kwao, DikuMUD, pamoja na msimbo wake, yaani yale maagizo yanayoiambia kompyuta la kufanya. Aliyetaka aliuchukua, akaongeza vyumba, majoka na silaha zake. Sharti moja lilikuwa kwamba hakuna kujipatia faida. Ndiyo maana wajukuu wengi wa DikuMUD wamelelewa na watu wa kujitolea.

Na hapo ndipo penye kazi. Mtu wa kujitolea huanza akiwa mwanafunzi. Baadaye anaajiriwa, anapata jamaa ya kulisha, na siku moja haonekani tena. Anayemfuata anaweka kiraka juu ya kiraka. Baada ya miaka 30 mchezo bado unatembea, lakini hakuna anayejua kwa nini.

"Mjomba," kijana akaniambia, "kuandika kipya si kazi. Kazi ni kujua cha zamani kiliwekwa kwa sababu gani."

Akanipa mfano. Michezo mingi ya ukoo huu ilihifadhi habari za kila mchezaji kama daftari lisilo na vichwa vya safu: visanduku vinne vya kwanza ni umri, vinne vinavyofuata ni dhahabu, na kadhalika. Kompyuta za zamani zilitumia visanduku vinne kwa namba fulani. Kompyuta za siku hizi mara nyingi hutumia vinane kwa namba ile ile. Ukihamisha mchezo bila kujua hilo, mashine mpya inasoma umri na dhahabu kama namba moja, na kila kinachofuata kinaharibika.

Yeye alihamisha bila kujua. Asubuhi yake mchezaji mmoja aliyecheza zaidi ya miaka 20 alikuta kama hajawahi kuzaliwa. Kilichookoa jahazi ni nakala ya faili zote ambayo kijana aliihifadhi kabla ya kugusa chochote. Bila hiyo, miaka 20 ya mtu ingekuwa imekwenda na upepo wa Kona Baridi.

Kuna mtego mwingine uko njiani. Programu nyingi za zamani huhesabu wakati kwa sekunde tangu Januari 1, 1970, na nafasi ya hesabu hiyo ina kikomo. Kikomo kitafika Januari 19, 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Programu isiyorekebishwa itarudi nyuma na kudhani ni Desemba 1901, mwezi ule ule reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu!

Usidhani, msomaji, kwamba haya ni ya michezo tu. Ushahidi, programu maarufu iliyozaliwa hapa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, iliandikwa kwa haraka ili wananchi watume habari za vurugu kwa simu na intaneti. Ilisambaa, na mwaka 2010 ikatumika katika tetemeko la ardhi la Haiti. Lakini baadaye wenyewe waliona viraka havitoshi, wakaiandika toleo la tatu upya. Hao walikuwa na shirika na wafadhili. Mpwa wangu ana shuka na chupa ya chai.

Kwa hiyo ameshika njia nyingine. Haandiki upya. Anarekebisha jambo moja kwa wakati mmoja, anajaribu kwenye nakala kwanza, na kila anapogusa mstari anaandika pembeni kwa maneno ya kawaida: nimebadilisha hiki, kwa sababu hii. Tena ameanza kumfundisha mwenzake wa chuoni, maana anajua naye siku moja ataajiriwa.

Mzazi, kabla ya kumzimia mwanao kompyuta, muulize kwanza anafanya nini. Huenda anajifunza kazi ambayo benki, hospitali na ofisi nyingi zinaihitaji, kwani nazo zina programu ambazo waandishi wake walikwisha kuondoka. Nawe mwanafunzi, usione fahari kuandika kitu ambacho ni wewe tu unayekielewa. Andika sababu, kisha mwonyeshe mwenzako.

Ndivyo ilivyo pia kwa daftari la chama, hati ya shamba na dawa za nyanya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Lakini anayekuja kuuziba sharti ajue ukuta ulijengwa vipi.

Nilipoondoka, dada yangu alikuwa anampelekea kijana chai nyingine. Hakusema neno, ila chupa ilikuwa imejaa.