Udongo ndani ya plastiki: Joto ndilo mtihani

MIAKA ya 1980, watafiti wa Toyota nchini Japan walichanganya udongo wa mfinyanzi na nailoni, wakapata plastiki imara inayostahimili joto. Mafanikio hayo yalifungua mlango, lakini si kwa kila plastiki.

Udongo hupenda maji. Haupatani na plastiki mpaka utiwe kemikali za jamii ya sabuni. Tatizo ni kwamba zile zilizozoeleka, zenye asili ya amonia, huanza kuvunjika kwenye nyuzijoto 200 hivi, ilhali plastiki ya chupa za maji huyeyuka karibu na 250. Zikivunjika, bidhaa hugeuka rangi na kudhoofika.

Zipo kemikali za fosfoniamu na imidazoliamu zinazovumilia zaidi, ila ni ghali. Mwenye kiwanda atakayekwepa gharama hiyo atamwachia mnunuzi hasara.