KUKATA FEDHA ZA BARABARA NI KUKATA BASI



Wako watu wasemao kwamba habari za kupunguzwa fedha za mabasi hazituhusu sisi wa Garissa, maana mabasi yetu ni mali ya matajiri, na serikali haiyapi hata senti. Sisi twasema maneno hayo ni nusu ya kweli. Basi haliendi hewani. Laenda juu ya barabara, na barabara hutengenezwa kwa fedha za wananchi. Azikataye fedha hizo amelikata basi.

Tazameni nchi yetu ilivyo. Toka Nairobi mpaka Garissa ni karibu kilomita 370. Mpaka Mandera ni zaidi ya 1,000. Gari la moshi hakuna, na ndege ni ya wenye fedha. Mwalimu aendaye Wajir, mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali ya Nairobi, mama wa duka angojaye mzigo wake, wote tegemeo lao ni basi.

Barabara ikiharibika, anayeumia kwanza ni mfanyakazi. Springi zikikatika, dereva na taniboi hulala porini. Nauli ikipanda, abiria humlaumu kondakta. Tena kuna jambo kubwa kuliko nauli. Mwezi wa Novemba 2014, watu 28 walitolewa katika basi lililotoka Mandera wakauawa, na wengi wao walikuwa walimu. Kila dereva ajua kwamba njia ya mashimo humlazimisha kwenda polepole, na adui hulipenda gari liendalo polepole. Kisha mwezi wa Aprili 2024 mto Tana ulifurika, barabara ikakatika huko Madogo, watu wakavushwa kwa mashua. Mashua moja ikapinduka, watu wakafa. Hayo ndiyo malipo ya barabara isiyojengwa sawasawa.

Je, fedha hakuna? Fedha zipo, na sisi twazitoa. Mwezi wa Julai 2024 kodi ya kutengeneza barabara ilipandishwa kutoka shilingi 18 mpaka 25 kwa kila lita ya mafuta. Basi likinywa lita 200, limekwisha lipa shilingi 5,000 kabla halijatoka stendi. Lakini katika bajeti ya 2024/25 Bunge la Taifa na magavana waligombania shilingi bilioni 10.5 za mfuko huo, kila upande ukisema ni zake, hata wakafikishana mahakamani. Mwaka 2025 serikali ikaweka rehani shilingi 7 katika zile 25, ili ipate mkopo wa kuwalipa makontrakta. Hatukatai mtu kulipwa kazi aliyoifanya. Twauliza tu: wakubwa wakigombana, na nyingine zikienda rehani, za barabara zetu ni zipi?

Tena, Kifungu cha 204 cha Katiba ya 2010 kiliweka Mfuko wa Usawazishaji, nusu ya asilimia moja ya mapato ya taifa kila mwaka, ili sehemu zilizoachwa nyuma zipate maji, barabara, hospitali na umeme. Mfuko huo ulipewa miaka 20 tu. Mwaka 2030 utafika, na Bunge lisipouongeza utakwisha. Deni lisilodaiwa husahauliwa.

Kwa hiyo twadai mambo matatu. La kwanza, fungu la kaunti zetu katika kodi ya mafuta litajwe wazi na lilipwe. La pili, madaraja na sehemu zinazozama zitengenezwe kabla ya mvua, si baada ya mazishi. La tatu, fedha za Mfuko wa Usawazishaji zitolewe zote kabla muda haujakwisha.

Nanyi, ndugu, msiiachie kamati peke yake. Bajeti ya kaunti hufikishwa katika Baraza la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikizwa. Nendeni katika mikutano hiyo, mkaandike majina ya barabara na mashimo yake. Waleteni na abiria.

Mwezi wa Desemba 2015, basi liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Hawakuwa na kadi ya chama, lakini walijua maana ya chama. Ikiwa wao walisimama pamoja mbele ya bunduki, sisi twashindwaje kusimama pamoja mbele ya meza ya bajeti?