Karte mere mbili kwa ordinatere moja: feza ya kotizasio ilienda wapi?

Wenzetu wa kazi, ba papa na ba mama, kuko ulizo lenye lilitoka mara mbili katika mukutano wa sendika: kwa nini tulinunua karte mere mbili kwa ordinatere moja tu ya biro? Ni ulizo la haki. Feza ni yenu, inakatwa ku mishahara yenu kila mwezi.

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni Microsoft iliacha kutunza Windows 10. Ordinatere hazikuzima siku ile. Lakini tundu lenye wezi wa intaneti watavumbua ndani yake, hakuna tena mutu wa kuliziba. Kwa mashine za nyumbani kuko njia ya kuomba mwaka moja zaidi, mpaka 13 Oktoba 2026, kisha basi. Kwa mutu wa kuangalia filme, si neno kubwa. Lakini ile ya biro yetu inachunga majina yenu, karatasi za malipo, ripoti za aksida za chini ya mugodi, barua za daktari za wale wenye kukohoa vumbi, na mafaili ya wale wenye kungojea dekonti ya mwisho. Mutu akiingia mule na kuona nani alitia sinyatire ku lalamiko gani, kuko baba atapoteza kazi.

Windows 11 nayo inachagua mashine. Kwa Intel inaomba prosesere ya kizazi cha 8 kwenda juu, na ulinzi wenye kuitwa TPM 2.0. Yetu ilikuwa Core i5 ya kizazi cha 4, tuliikusanya 2014, na mabarete ya kumbukumbu ya DDR3. Muuzishaji moja akatuambia: « Ba papa, mubadilishe karte mere tu, vingine mubakie navyo. » Akaleta karte mpya kabisa, ingali katika boksi. Dolari 55. Tukalipa. Mashine ikawaka vizuri sana. Kujaribu Windows 11, ikakataa.

Ile karte mere, ile mbao yenye kubeba vyote ndani ya mashine, iko na kiti moja ya prosesere. Kiti ya 1150 inapokea kizazi cha 4, haiwezi kupokea cha 8. Na kuko viwanda kule China vyenye vingali vinatengeneza karte mpya kwa prosesere za zamani. Boksi ni ya leo, kiti ni ya zaidi ya miaka kumi nyuma. Muuzishaji alisema karte ni mpya, na ilikuwa mpya kweli! Sisi ndio hatukuuliza: mpya kwa prosesere gani?

Kwa hiyo mara ya pili tulianzia upande mwingine. Unachagua prosesere kwanza, karte inaifuata, na kumbukumbu inafuata karte. Karte za AMD zenye kiti ya AM5 zinapokea DDR5 tu. Zile za AM4 zinapokea DDR4. Kwa Intel, kiti ya LGA 1700 iko na karte za DDR4 na zingine za DDR5, lazima kusoma boksi, juu barete ya moja haiingie kwa ingine.

Na hapo ndipo bei inauma. Tangu mwisho wa 2025 kumbukumbu imepanda bei dunia nzima, juu viwanda vikubwa, Samsung, SK Hynix na Micron, vinatumikia kwanza majumba makubwa ya ordinatere za akili bandia. Desemba 2025 Micron ilitangaza kama itaacha Crucial, alama yake ya watu wa kawaida. Ni majumba yale yale yenye kumeza shaba yenye tunachimba. Shaba ikipanda, prime yetu inabaki palepale. Kumbukumbu ikipanda, biro yetu inalipa.

Ndiyo maana tulichukua AM4: karte ya B450 yenye ilikwisha kutumika, prosesere Ryzen 5 5600G, na mabarete mawili ya DDR4, nayo ya kutumika. Ile G ya mwisho ni ya lazima kwa biro: ku AM4, Ryzen nyingi zenye kukosa G hazitoe picha ku ekra bila karte ya picha ya pembeni. Tuliomba muuzishaji awashe yote mbele yetu, juu B450 ya zamani haijue 5600G mpaka programu yake ya ndani, BIOS, iongezwe. TPM iko ndani ya prosesere, inaomba kuwashwa tu mule katika BIOS.

Wenye kuwa na mashine ya kampuni kubwa, kama Dell ao HP, waache kabisa mambo ya karte mere. Mara mingi umbo lake na waya za umeme ni za kwake peke yake. Heri kutafuta mashine nzima ya kutumika, ya kizazi cha 8. Na musisahau Windows yenyewe: yenye ilikuja na mashine mara mingi imefungwa ku karte ya zamani. Ile nayo tulilipa.

Delege moja alisema tangu mwanzo: wekeni Linux, bure, mashine ibaki vile iko. Hakukosea. Tulimukatalia juu hakuna mwingine mwenye kuijua, na yeye anatumika usiku.

Fakitire zote mbili ziko ku mulango wa biro. Karte ya dolari 55 iko katika kabati, na prosesere yake na DDR3 yake. Inatumika vizuri. Mwenye mashine ya 2013 ao 2014 yenye karte imekufa aje aione, tutamuachia kwa dolari 30, feza irudi katika kese.