Swali Lisilongoja Jibu

Naingia katika mabishano haya na waalimu wenzangu bila ya kuficha upande wangu: sehemu kubwa ya maswali tuyaulizayo madarasani si maswali. Mwalimu asomeshaye saa nzima, kisha akauliza, "Mmefahamu?", ataka kuitikiwa tu. Nao wanafunzi, kwa adabu yao, humwitikia kwa sauti moja, "Ndiyo!", hata yule aliyekuwa akisinzia.

Wako wasemao kwamba wanafunzi wetu ni wazito wa kusema. Uzito huo ni wa nani? Mary Budd Rowe, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alipima muda ambao mwalimu humngoja mwanafunzi baada ya kuuliza, na katika maandishi yake ya 1974 alionyesha kwamba kwa kawaida ni kama sekunde 1 tu. Mwalimu alipostahimili sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, na waliodhaniwa wazito walianza kusema. Bibi zetu hawakuhitaji kipimo hicho. Bibi akitega kitendawili hunyamaza, watoto wabahatishe, wakosee, wacheke. Wakishindwa, hudai mji kwanza ndipo afumbue. Sisi twalitoa jibu bure kabla ya mtu kulitafuta.

Kwa miaka mingi niliwauliza wanafunzi wangu juu ya Kusadikika ya Shaaban Robert: nani alimshitaki Karama? Majivuno, wakajibu, nami nikatoa alama. Siku moja niliuliza jingine: kwa nini nchi iwatume wajumbe wake yenyewe, kisha iwafunge waliporudi na mambo yenye manufaa? Darasa likanyamaza. Nilitamani mno kujibu mwenyewe (kimya cha darasa ni kirefu zaidi kwa mwalimu kuliko kwa mwanafunzi). Kisha binti mmoja aliyeketi nyuma akasema, "Mwalimu, na wewe ukiletewa fikira usizoziagiza, wazipokeaje?"

Nilikuwa nimezoea kuzikata kwa wino mwekundu. Nikakiri hivyo mbele yao, na saa iliyobaki hatukuweza kuwanyamazisha, mimi wala kengele.

Ati darasa la watu 200 haliulizwi hivyo, na mtihani u karibu! Mtihani hutungwa na nani, kama si sisi? Na katika hao 200, kila mmoja aweza kumgeukia jirani yake, wakabishana dakika 5, mwalimu akapita akisikiliza. Mwenzangu mmoja alinionya kwamba kelele hizo zitamfikia mkuu wa idara. Na zimfikie.