Punda milia wa Kuumbi na imani yetu

Picha za pengwini wa kale aliyekuwa mzito kuliko mtu mzima zinazunguka kwenye simu za vijana wetu, na maswali yameanza kufika kwenye madarasa ya Kipaimara. Mnyama huyo aliumbwa siku ya ngapi? Mbona Biblia haimtaji? Kama alitoweka kabla ya Adamu, Mungu alimuumba kwa faida ya nani? Jibu wanalopewa mara nyingi ni la haraka: hizo ni habari za Wazungu, au hao walikufa kwenye gharika ya Nuhu. Kisha somo linarudi kwenye sakramenti saba. Naandika kusema kwamba majibu hayo yanaidhuru imani kuliko yanavyoilinda, na kwamba hapa Unguja Kanisa halina sababu ya kuogopa mawe na mifupa.

Tuanze na pengwini wenyewe, maana si hadithi ya kutungwa. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza pengwini wa New Zealand waliyempa jina Kumimanu fordycei. Aliishi zaidi ya miaka milioni 55 iliyopita, na kwa vipimo vya mifupa yake walikadiria uzito wa kilo 150 hivi. Pengwini mkubwa kuliko wote walio hai leo hafikii hata nusu ya uzito huo. Afrika nayo ina wake. Pengwini wanazaliana hadi leo kwenye pwani za Namibia na Afrika Kusini, na huko Afrika Kusini yamepatikana masalia ya jamaa zao waliotoweka, wa miaka karibu milioni 5 iliyopita. Mmoja wao mwanasayansi George Gaylord Simpson alimpa mwaka 1979 jina la Dege. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kulisikia neno hilo.

Unguja haina pengwini wa kale, lakini ina ushahidi wake, na uko karibu kuliko New Zealand. Kusini-mashariki mwa kisiwa, jirani na Jambiani, liko pango la Kuumbi. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alilichimba mwaka 2005, na timu nyingine ya watafiti ikarudi huko miaka iliyofuata. Ndani yake imetoka mifupa ya punda milia, nyati, kuro na tohe. Hakuna hata mmoja wa wanyama hao anayeishi Unguja leo, wala hakuna babu anayekumbuka kusimuliwa kwamba waliwahi kuonekana hapa.

Walifikaje? Walitembea. Yapata miaka 20,000 iliyopita, wakati wa Enzi ya Barafu, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda, na usawa wa bahari ulikuwa chini ya wa leo kwa mita zipatazo 120. Mkondo unaotutenga na Bagamoyo ni wa kina kifupi, kwa hiyo Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa sehemu ya bara. Pemba ni tofauti, kwa sababu mkondo wake una kina cha mamia ya mita na ulibaki bahari hata wakati ule. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikapanda taratibu, na yapata miaka elfu kumi iliyopita Unguja ikakatika. Punda milia na nyati wakabaki kwenye ardhi iliyozidi kuwa ndogo, na mwishowe wakaisha.

Walikuwepo pia watu. Katika Kuumbi vimepatikana vichwa vya mishale vilivyochongwa kwa mifupa, vya miaka ipatayo 13,000, na watafiti wanaona huenda vilipakwa sumu. Maana yake sehemu ya mifupa ile ni mabaki ya chakula. Mtu fulani aliwinda, akabeba nyama hadi pangoni, akala na watoto wake, miaka maelfu kabla ya Abrahamu.

Sasa tuipime hoja ya gharika. Gharika moja ingechanganya kila kitu pamoja. Kuumbi haikuchanganyika. Chini kuna tabaka za wawindaji wa kale na wanyama wao. Baadaye kuna kipindi ambacho watu waliliacha pango. Juu zaidi wanakuja watu wa Enzi ya Chuma na vyungu vyao. Huo ni mpangilio wa muda mrefu, kama karatasi zilizowekwa moja juu ya nyingine mezani. Kijana aliyesoma jiografia kidato cha pili analiona hilo. Tukimwambia achague kati ya anachokiona na Biblia, tumemwekea kikwazo ambacho Biblia yenyewe haikukiweka.

Na kanuni ya kusoma tabaka hizo imetoka kwa nani? Mmoja wa waasisi wake ni askofu Mkatoliki. Niels Stensen, Mdenmaki, alipasua kichwa cha papa huko Firenze mwaka 1666 na kugundua kwamba mawe fulani, ambayo watu waliyapa asili za ajabu, yalikuwa meno ya papa wa zamani yaliyogeuka jiwe. Mwaka 1669 alichapisha kitabu kilichoeleza kwamba tabaka la chini hutangulia la juu. Alikuwa ameingia Kanisa Katoliki mwaka 1667; akapewa upadre mwaka 1675 na uaskofu mwaka 1677. Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye heri mwaka 1988. Miaka zaidi ya 600 kabla yake, Ibn Sina, ambaye sisi wanafalsafa tunamsoma kwa sababu Mtakatifu Thoma wa Akwino alimsoma, alikwisha kuandika jinsi milima inavyojengeka kwa muda mrefu na viumbe vya majini vinavyogeuka mawe. Kwa Mkristo wa Zanzibar hili lina uzito wake. Jambo hili tunaweza kuzungumza na jirani yetu Mwislamu kama urithi wa pamoja, bila ubishi.

Mtakatifu Augustino, alipokuwa akifafanua kitabu cha Mwanzo, aliwaonya Wakristo wanaosema mambo ya ovyo kuhusu dunia na nyota huku wakijikinga kwa Maandiko. Hofu yake ilikuwa kwamba msikilizaji anayeijua elimu hiyo atayadharau Maandiko hata yanapofundisha habari za ufufuko. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Dei Verbum ya mwaka 1965, unatutaka tuangalie aina ya uandishi aliyotumia mwandishi mtakatifu. Papa Pio XII mwaka 1950 aliruhusu uchunguzi kuhusu asili ya mwili wa mwanadamu, akisisitiza kwamba roho huumbwa na Mungu moja kwa moja. Basi anayesema kwamba Mkatoliki hana budi kuyakataa mabaki ya kale, hiyo ni kauli yake binafsi. Kanisa halijamtuma.

Najua pingamizi linalokuja. Waumini wetu visiwani ni wachache, wengi ni watu wa kazi waliotoka bara, na wanahitaji kutiwa nguvu. Kwa nini tuwachanganye kwa habari za miaka milioni? Pingamizi hili lina upendo ndani yake, lakini linawadharau waumini. Mama anayeuza samaki Darajani anajua kwamba kuna mambo makubwa kuliko akili yake, na hilo halimzuii kusali. Kinachomchanganya mwanawe ni kusikia jambo moja shuleni na kinyume chake kanisani, kisha kukosa mtu wa kumsaidia.

Tuwe wakweli pia upande wa pili. Wapo wanaosema mifupa imemwondoa Mungu kazini. Hapa falsafa inasaidia. Aristotle alitufundisha kutofautisha visababishi: kitu kimetokana na nini, kimeletwa na nini, na ni kwa ajili ya nini. Mfupa wa punda milia unajibu maswali ya mwanzo vizuri sana. Haujibu kwa nini kuna kitu chochote badala ya kutokuwepo kitu kabisa. Jembe la mwanaakiolojia haliwezi kuligusa swali hilo, na mwanaakiolojia mwaminifu hadai kwamba linaweza.

Linabaki swali la yule kijana, ambalo naliona gumu kuliko yote: wale waliotoweka kabla hatujafika walikuwa wa faida gani? Swali hili linafichua tulichokuwa tumekizoea, kwamba kiumbe kina thamani kwa kadiri kinavyotufaa sisi. Lakini Maandiko hayasemi hivyo. Katika kitabu cha Ayubu Mungu anamwonyesha mtumishi wake punda mwitu na mbuni, wanyama ambao Ayubu hawafugi wala hawawezi. Zaburi ya 104 inamtaja Lewiathani anayecheza baharini, na hakuna binadamu aliyemwagiza kucheza. Papa Fransisko katika Laudato si' ya mwaka 2015 alifundisha kwamba viumbe humtukuza Mungu kwa kuwepo kwao tu. Kama ni hivyo, Kumimanu alimtukuza Mungu kwenye maji ya kusini mwa dunia kabla hajawepo mtu wa kuimba zaburi, na punda milia wa Unguja vilevile. Sifa zao hazikuhitaji sisi tuwe tunatazama.

Hapo ndipo wajibu wetu unapoanza. Punda milia wa Kuumbi wakiisha, bahari ilikuwa imewafungia njia. Chui wa Unguja alikutana na mkono wetu. Wengi waliamini kwamba chui hufugwa na wachawi, na baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 kampeni dhidi ya uchawi ilikwenda pamoja na kuwasaka. Leo mtu anayetaka kumwona kwa uhakika atamkuta amekaushwa kwenye makumbusho mjini. Waliobaki ni kima punju wa Jozani na paa nunga, nao wanasukumwa na mashamba, mkaa na majengo. Hofu isiyo na elimu ilisaidia kummaliza chui. Siamini kwamba mahubiri yanayodharau elimu yataweza kumwokoa paa nunga.

Ninapendekeza mambo madogo. Katekista anayefundisha kitabu cha Mwanzo apange siku moja kuwapeleka vijana wa Kipaimara Jambiani waone pango, au angalau awatembeze Mji Mkongwe. Pale lipu ilipobanduka ukutani, jiwe linaonyesha matumbawe na magamba ya kome, viumbe vilivyoishi baharini maelfu mengi ya miaka kabla ya fundi kuyachonga. Hata paa la kanisa la Waanglikana Mkunazini Askofu Steere alilijenga kwa kokoto za matumbawe zilizochanganywa na saruji. Mafrateri wenzangu tusome jiolojia kidogo pamoja na metafizikia. Na mapadre, mtoto akiuliza habari za pengwini, mwacheni amalize swali lake. Anauliza habari za Muumba, na anangoja kuona kama nyumba ya Muumba ina nafasi ya swali hilo.